Ngamia hawangoji bajeti ya ziada

Juni 2024 vijana wa nchi hii walifanya jambo ambalo wazazi wao wengi hawakuwahi kulifanya: waliusoma Mswada wa Fedha. Mliusoma kwenye simu, mkaufafanua kwa lugha za nyumbani na kwa Sheng, mkaupeleka TikTok, na mwishowe Rais akakataa kuutia saini. Hiyo ilikuwa kazi safi. Lakini mswada ule ulihusu namna pesa zinavyotoka mfukoni mwako. Leo tuongee kuhusu upande wa pili: namna pesa hizo hizo zinavyokataa kutoka mfukoni mwa serikali siku unayozihitaji kuliko siku zote.

Kama unasoma haya ukiwa Salama, Kibwezi, Mutha au Mwingi, tayari unajua tunakoelekea. Mvua ikikosa, watu na mifugo huhama. Wakihama, maji hugombaniwa. Maji yakigombaniwa, siku moja mtu hupigwa mshale au risasi. Kisha viongozi wanakuja na msafara wa magari, wanahutubia juani, wanasema "tumeomba pesa Nairobi". Pesa zikifika, mvua imeshanyesha na makaburi yameota nyasi.

Msimamo wetu ni huu: kaunti za Kitui na Makueni zinahitaji pesa za kukabiliana na ukame, uhamaji na utovu wa usalama ambazo zimepangwa mapema, zinazofunguka zenyewe kwa kanuni inayojulikana, na zinazohesabiwa hadharani. Haitoshi kuziomba wakati watu wameshakufa. Na wewe kijana ndiye utakayelisukuma hili, kwa sababu wakubwa wameshazoea.

Kila kiangazi stori ni ile ile

Kitui ni kaunti kubwa, zaidi ya kilomita mraba 30,000, na upande wake wa mashariki unapakana na Tana River. Mpaka huo ni pori, vichaka vya miiba na hifadhi ya South Kitui. Hakuna ua wala lango. Kwa miaka mingi wafugaji wa ngamia na ng'ombe kutoka Tana River na Garissa wamekuwa wakivuka kutafuta malisho, hasa kabla ya mvua za vuli za Oktoba, na tena mwanzoni mwa mwaka mvua hizo zikiwa haba.

Upande wa pili wa mpaka yuko mkulima wa Mutha, Ngomeni au Tseikuru. Ana ndengu, mtama na mahindi machache, miembe miwili mitatu, na silanga moja ambalo kijiji kizima kinalitegemea. Ngamia mia mbili wakifika hapo, maji ya miezi miwili yanaisha kwa siku chache, na ua wa matawi ya miiba hauwazuii kuingia shambani. Watu wameuawa katika mizozo hii, wakulima na wafugaji. Kuna familia zilizohama mashamba yao, na kuna misimu ambapo shule za mpakani zimebaki bila wanafunzi kwa sababu wazazi wanaogopa kuwaachilia watoto njiani.

Makueni nayo haijapona. Ukifuata barabara ya Mombasa kutoka Salama kwenda Sultan Hamud na Emali, unatembea pembezoni mwa mpaka wa Kajiado, na kiangazi kikizidi ng'ombe wa jirani huvuka kutafuta nyasi. Ukiendelea hadi Kibwezi na Mtito Andei unakutana na mbuga za Chyulu na Tsavo, ambako ndovu hutoka kutafuta maji mashambani. Na barabara yenyewe inabeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Congo. Vurugu zikifika kwenye lami, watakaoumia si wenye vibanda vya Salama peke yao.

Tuseme jambo moja waziwazi kabla hatujaendelea. Mfugaji anayevuka si adui. Kifungu cha 39 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya kwenda na kuishi popote nchini, na huyu anahama kwa sababu mifugo yake inakufa. Mkulima naye ana haki ya shamba lake na mazao yake. Haki mbili zikikutana kwenye silanga moja bila mtu wa kuzisuluhisha, mwenye silaha ndiye hushinda. Mtu huyo wa katikati ni serikali. Na serikali bila mafuta ya gari, bila maji ya kugawa na bila posho ya mkutano wa wazee, ni jina tu.

Milango miwili, yote mibovu

Sasa twende kwenye pesa. Usikimbie, si ngumu.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Kabla haujaanza, kila shilingi huandikiwa kazi yake: hii ya zahanati, hii ya barabara, hii ya basari. Huo ni utaratibu mzuri, maana bila huo kila mkubwa angejichotea. Shida huja balaa linapozuka Septemba na halikuandikiwa kitu. Hapo waziri wa fedha wa kaunti hubaki na milango miwili.

Mlango wa kwanza ni bajeti ya ziada. Idara inaandika ombi, baraza la mawaziri wa kaunti linalipitia, linapelekwa kwa madiwani, linajadiliwa katika kamati na kurudi bungeni. Hata likipita, pesa hazitoki hadi Msimamizi wa Bajeti aidhinishe. Wakati huo wiki zinageuka miezi. Ongeza na hili: miezi ya kwanza ya mwaka wa fedha ndiyo kaunti hulalamika mara kwa mara kwamba mgao kutoka Hazina Kuu umechelewa. Yaani kiangazi kinapokolea, kibeti ndicho kwanza kiko kitupu.

Mlango wa pili ni Hazina ya Dharura ya kaunti. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa nayo. Uzuri wake ni kwamba waziri anaweza kutoa pesa kwanza, kisha akatafuta idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Lakini kuna kikomo: matumizi ya mwaka mmoja hayafai kupita asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyokaguliwa ya mwaka uliotangulia. Tuchukue mfano wa hesabu tu: kaunti ikiwa na mapato ya Sh10 bilioni, kikomo ni Sh200 milioni. Hela hizo zinatakiwa zitoshe mafuriko, nzige, kipindupindu, daraja lililosombwa, na pia ukame na fujo za mpakani.

Kikomo si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo liko kwenye maneno. Sheria inasema pesa za dharura hutoka kwa hitaji la haraka ambalo halikutarajiwa. Sasa jiulize: nani Ukambani hajawahi kuutarajia ukame? Bibi yako anaujua. Mtoto wa darasa la nne anaujua. Kwa hivyo afisa wa fedha mwenye kufuata sheria neno kwa neno anaweza kukuambia kwamba hili lilijulikana, basi halifai kulipwa kutoka Hazina ya Dharura. Na ukienda kwenye bajeti ya kawaida unaambiwa halikutengewa pesa. Limetarajiwa mno kuwa dharura, halafu halikutarajiwa vya kutosha kuandikwa kwenye bajeti. Katikati ya hayo maneno mawili ndipo watu wanapofia.

Wala si Kitui na Makueni peke yake. Serikali ya kitaifa nayo ina Hazina ya Dharura, iliyoanzishwa na Kifungu cha 208 cha Katiba, yenye sharti lile lile la jambo la haraka lisilotarajiwa.

Wapo wanaoona mbele

Kinachouma ni kwamba nchi hii ina ofisi inayotabiri mambo haya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kaunti 23 zenye ukame, zikiwemo Kitui na Makueni. Maafisa wake hupima mvua, hali ya malisho, umbali wa kwenda kuteka maji, bei ya mbuzi ikilinganishwa na bei ya mahindi, na afya ya watoto. Hufuatilia hata mifugo inahamia upande gani. Kisha kaunti huwekwa kwenye ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, na mwishowe kupata nafuu.

Maana yake ni kwamba serikali huweza kujua kabla ya ngamia kufika kwamba ngamia wako njiani. Taarifa ipo. Kinachokosekana ni uzi unaounganisha taarifa hiyo na akaunti ya benki.

Kumbuka ukame uliopita. Mvua za vuli za 2020 zilikuwa haba, masika ya 2021 yakafuata mkondo huo huo. Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa mnamo Septemba 8, 2021. Yaani misimu miwili ilikwishapita. Misimu mitano mfululizo iliharibika kabla ya mvua kurudi 2023, na wakati huo mifugo ilikuwa imekufa kwa mamilioni kote katika maeneo kame. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote hangoji tangazo ndipo ahame. Anahama nyasi zikiisha.

Nani ananunua mafuta?

Upande wa usalama ni mgumu zaidi. Jedwali la Nne la Katiba limeweka polisi chini ya serikali ya kitaifa. Kukabiliana na majanga ni kazi ya serikali zote mbili. Sasa kundi la wafugaji wenye silaha likionekana karibu na kijiji, hilo ni janga au ni usalama? Ukisema ni usalama, kaunti inarudi nyuma, kwani ikilipia gari la polisi, mkaguzi wa hesabu anaweza kuuliza kwa nini imegharamia kazi isiyo yake. Ukisema ni janga, kituo cha polisi kinangoja Nairobi.

Polisi wa akiba nao, vijana wa rika lako wanaolijua pori kuliko mtu yeyote, wamefanya kazi hiyo kwa muda mrefu kama watu wa kujitolea. Unampa kijana bunduki, unamtuma usiku, na hela ya kula hana. Halafu tunashangaa nidhamu ikipotea.

Tatizo hili pia halina kaunti moja. Kitui na Makueni ziko pamoja na Machakos katika muungano wa kaunti za Ukambani. Tana River inaketi na kaunti za Pwani na zile za kaskazini mashariki. Hivyo wanaogombana mpakani wana viongozi wanaokutana katika vikao tofauti. Sheria haizuii kushirikiana. Katiba inaruhusu serikali hizi kuunda kamati za pamoja na kusaidiana kazi. Lakini makubaliano ya namna hiyo huandikwa watu wakiwa wametulia, si usiku wa mazishi.

Hata matajiri walinaswa

Usidhani ni sisi tu. Umoja wa Ulaya hupanga bajeti yake kwa miaka saba kwa pamoja. Mwaka 2015 zaidi ya watu milioni 1 waliingia Ulaya kwa njia ya bahari wakikimbia vita vya Syria na matatizo mengine, na mpango wa miaka saba haukuwa umewahesabu. Ilibidi wachote kutoka fungu la akiba lililokuwa limewekwa kwa mambo kama hayo, na katika mpango uliofuata, wa 2021 hadi 2027, wakaacha sehemu ya pesa za uhamiaji na mipaka bila kuigawa mapema, ili ipelekwe inakohitajika. Hatuna haja ya kuiga siasa yao ya wahamiaji, ambayo ina makosa mengi. Cha kujifunza ni hesabu tu: ukijua jambo litakuja lakini hujui litatokea wapi na lini, unaliwekea pesa na kanuni ya kuzitoa.

Na kwetu wazo hilo si geni. Fungua Kifungu cha 203 cha Katiba, kinachoeleza misingi ya kugawana mapato. Mwishoni utakuta mambo mawili yamewekwa jirani: kwamba mgao uwe thabiti na unaotabirika, na kwamba kuwe na wepesi wa kukabiliana na dharura na mahitaji ya muda. Walioandika Katiba waliona vyote viwili vinahitajika. Sisi tumeushika uthabiti na kuuacha wepesi.

"Si watazila tu?"

Tunasikia swali lako. Pesa nyepesi huibwa kwa wepesi. Mwaka 2020, corona ilipoingia, ununuzi wa dharura wa vifaa katika KEMSA uligeuka sakata, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akaonyesha jinsi taratibu zilivyorukwa. Na kwenye usalama kuna hatari nyingine: neno "siri" huweza kutumiwa kufunika risiti.

Hofu hiyo ni halali, na yeyote anayekuomba uunge mkono pesa za dharura bila kuitaja anakudanganya. Ila angalia vizuri wizi huo unaingilia wapi. Huingia pale ambapo kila kitu kinaamuliwa kwa haraka, na watu wachache, baada ya balaa kutokea. Bei haijulikani, mwenye kandarasi hajulikani, na kila anayeuliza anaambiwa watu wanakufa. Kanuni zikiwekwa mapema, nafasi ya mchezo huo hupungua. Wepesi tunaoutaka ni wa wakati na mahali. Risiti zibaki pale pale.

Kwa hivyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila moja ya kaunti hizi mbili iwe na fungu la ukame na uhamaji ndani ya bajeti ya kawaida, kando na Hazina ya Dharura, ili ubishi wa "lilitarajiwa au halikutarajiwa" uishe. Sheria ya 2012 inaruhusu kaunti kuanzisha hazina maalum kwa idhini ya bunge lake. Mwaka ukipita bila ukame, salio libaki mle likingoja. Lisigeuke viti vya ofisi kila Juni.

Pili, fungu hilo lifungwe kwa ngazi za NDMA. Kaunti ikiingia tahadhari, sehemu ya kwanza itoke: kukarabati visima na masilanga, kuchanja mifugo, na kuwakutanisha wazee wa wakulima na wafugaji wakubaliane njia za kupita na mahali pa kunyweshea. Ikiingia hatari, sehemu ya pili itoke: maji kwa malori, malisho, mafuta ya doria na posho za polisi wa akiba chini ya makubaliano yaliyotiwa saini na serikali ya kitaifa. Ikifika dharura, hapo Hazina ya Dharura iongezee nguvu. Asiwepo mwanasiasa wa kuamua nani apate na nani angoje.

Tatu, bei za maji, malisho na usafiri zikubaliwe mapema, na kila mwezi orodha ya matumizi ibandikwe ofisi ya chifu na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wadi: kiasi gani, kwa nani, kwa kazi gani. Mipango ya polisi inaweza kubaki siri. Bei ya lita ya dizeli haina siri.

Nne, kamati za mpakani ziwe na vijana wa pande zote, akiwemo yule kijana wa Tana River anayechunga. Yeye ndiye anayejua mifugo itapita wapi wiki ijayo. Ukimwacha nje ya kikao, mtakutana naye shambani.

Kazi yako

Kalenda iko hivi. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mwelekeo wa bajeti hufika Februari 28. Makadirio yenyewe hufika Aprili 30, na yote yanafaa kuwa yamepitishwa kabla ya Juni 30. Kila hatua sheria inataka wananchi wasikizwe. Makueni imesifiwa hata nje ya nchi kwa vikao vyake vinavyoanzia kijijini, na wa Kitui wana haki hiyo hiyo. Shida ni kwamba ukienda kwenye vikao hivyo utakuta wazee, kina mama wa chama, na vijana watatu waliofuata soda.

Nenda. Usiende na kelele, nenda na maswali. Hazina yetu ya Dharura ina kiasi gani leo? Mwaka jana ilitumika kwa nini, na ripoti ilifika bungeni ndani ya miezi miwili? NDMA ilipotuweka ngazi ya tahadhari mara ya mwisho, ni shilingi ngapi zilitoka, na zilitoka baada ya siku ngapi? Kuna makubaliano gani yaliyoandikwa na jirani zetu wa Tana River na Kajiado? Diwani akikosa jibu, mwambie alilete kikao kijacho, na uandike jina lake na tarehe.

Mwaka 2024 mlionyesha kwamba mnaweza kusoma karatasi ndefu usiku mmoja. Makadirio ya kaunti yako ni karatasi nyingine ndefu, haina umaarufu, na hakuna atakayekupiga picha ukiisoma. Itafute tu. Anzia kwenye ukurasa wa Hazina ya Dharura, kabla vuli haijakosa tena.